Tippu Tip: toka msafara hadi kitabu
Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye Maniema inamjua kama Tippu Tip, alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Alitafuta pembe za ndovu, akatawala Kasongo. Mali yake ilisafiri mabegani mwa watumwa na wapagazi. Mwaka 1876 alimsindikiza Stanley kwa malipo kutoka Nyangwe kuingia msituni. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Pili alimfanya liwali wa Stanley Falls. Kasongo ilipotekwa na askari wa Leopold mwaka 1893, yeye alikuwa amekwisha kurudi Unguja. Huko aliandika maisha yake kwa Kiswahili, akafariki mwaka 1905. Kitivoni tunakisifu Kiswahili chake. Waliobeba pembe hawakuachiwa kalamu. Tunapomsoma, tuwatafute nao.