Seraphino Antao: Mwana wa Mombasa aliyeipatia Kenya dhahabu ya kwanza

PWANI ya Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi delta ya Rufiji, haina sifa ya kutoa wanariadha. Kijana wa Kibiti au Ikwiriri akitajiwa wakimbiaji mashuhuri wa Tanzania atasikia habari za Filbert Bayi na John Stephen Akhwari, ambao wote ni watu wa nyanda za juu za kaskazini. Nchini Kenya mambo ni yale yale: mbio ni za Bonde la Ufa na Kisii, na pwani ni ya soka.

Hata hivyo, medali ya dhahabu ya kwanza ambayo Kenya iliipata katika mashindano makubwa ya kimataifa ilitoka Mombasa, tena kwa mtu ambaye leo wengi wa wapenzi wa riadha hawalijui jina lake.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa tarehe 30 Oktoba 1937, katika jamii ya Wagoa, yaani Wakatoliki wenye asili ya Goa, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Ureno nchini India. Mahali alipozaliwa palikuwa na hali ya pekee. Mombasa haikuwa sehemu ya koloni la Kenya kisheria. Ilikuwa katika ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar, ambao Waingereza waliutawala kwa makubaliano naye. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno. Kwa hiyo Antao alikuwa mtoto wa raia wa Mreno, katika ardhi ya Sultani, chini ya serikali ya Mwingereza.

Serikali hiyo ilipanga watu kwa rangi. Wazungu walikuwa juu, Waasia katikati na Waafrika chini, na kila kundi lilikuwa na shule zake, hospitali zake na hata orodha yake ya wapiga kura. Wagoa, kwa kuwa walitoka eneo la Ureno, walihesabiwa peke yao hata katika sensa. Antao alisoma katika shule ya Wagoa mjini Mombasa. Wengi wa jamii yake walikuwa makarani ofisini, bandarini na katika reli, wakiwa na klabu zao za starehe na michezo. Aliyezaliwa humo aliweza kuishi umri mzima bila kushindana na mtu wa kabila lingine.

Kilichomtoa humo ni miguu yake. Katikati ya miaka ya 1950 kocha Mwingereza, Ray Batchelor, alikiona kipaji chake na kuanza kumfunza mbio fupi. Uwanja wa riadha ulikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo saa ya mkononi ilihukumu bila kuuliza asili ya mtu, na muda si mrefu hapakuwa na mtu Kenya nzima wa kumfikia.

Mwaka 1958 alikwenda Cardiff kwa Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola, akarudi bila medali. Mwaka 1960 alikimbia katika Olimpiki ya Roma, lakini hakufika fainali. Mwanariadha mwingine angeridhika na safari. Yeye aliendelea na mazoezi katika joto la Mombasa, joto ambalo baadaye lilimfaa.

Mwaka 1962 ulikuwa wake. Majira ya kiangazi alitwaa ubingwa wa Chama cha Riadha cha Uingereza jijini London, katika yadi 100 na yadi 220 pia. Novemba alikuwa Perth, Australia, kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jua la Perth mwaka ule lilikuwa kali mno, likipita nyuzi 38, na wageni wengi waliteseka. Aliyetazamiwa kushinda yadi 100 alikuwa Harry Jerome wa Kanada, mmoja wa waliokuwa wakishikilia rekodi ya dunia. Katika fainali Jerome aliumia paja, na Antao akamaliza wa kwanza kwa sekunde 9.5. Wapo watakaosema kwamba bahati ilimpendelea. Jibu lake lilikuja katika yadi 220, ambazo nazo alizishinda.

Medali hizo mbili zilipatikana mwaka mmoja kabla ya uhuru. Bendera ya Kenya ya rangi nyeusi, nyekundu na kijani ilikuwa bado haijatundikwa, na mustakabali wa Mombasa kwenyewe ulikuwa ukibishaniwa. Ni Oktoba 1963 tu ndipo ilipokubaliwa kwamba ukanda wa Sultani uungane na Kenya. Mwaka 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, ya kwanza kwa Kenya huru, Antao ndiye aliyebeba bendera ya taifa. Hakupata medali. Ya pekee iliyopatikana ilikuwa shaba ya Wilson Kiprugut katika mita 800, na miaka minne baadaye Naftali Temu na Kipchoge Keino walirudi na dhahabu kutoka Mexico.

Tangu hapo Kenya ikajulikana kwa mbio za kati na ndefu, na kwa wakimbiaji wa milimani. Mgoa wa pwani aliyekimbia yadi 100 hakuwa na nafasi katika simulizi hiyo. Kwa sensa ya mwaka 1962, Waasia wote wa Kenya hawakufika laki mbili, na Wagoa walikuwa sehemu ndogo tu yao. Katika miaka iliyofuata wengi walihama. Antao naye aliacha mbio baada ya Tokyo na kuhamia London.

Jina lake lilirudi magazetini Agosti 2022, Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Ilikuwa imepita miaka 60 bila Mkenya mwingine kushinda mbio fupi za namna hiyo katika michezo hiyo. Antao hakuishuhudia siku ile. Alifariki London tarehe 6 Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka 73.