Richard Bright: daktari wa kijiko na mshumaa

Mtu akiamka uso umevimba, na jioni uvimbe umeshuka miguuni, pale Rumonge huenda akaambiwa ni chumvi, ni baridi ya ziwani, au amerogwa. Wachache watataja figo. London ya miaka ya 1820 haikuwa tofauti sana, na aliyeigeuza ni Richard Bright.

Alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 28 Septemba 1789, mtoto wa mfanyabiashara tajiri. Akisomea udaktari Edinburgh, alisafiri hadi Iceland mwaka 1810. Baadaye alizunguka Hungaria, akatoa kitabu cha safari hiyo mwaka 1818. Alijua kuchora, na mkono huo ulimfaa baadaye mbele ya maiti.

Mwaka 1820 aliajiriwa Guy's Hospital, London. Wodi zilikuwa na watu wengi waliojaa maji mwilini, na madaktari wengi waliuhesabu uvimbe wenyewe kuwa ndio ugonjwa. Bright alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akakishika juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya hubaki maji. Wa hawa uliganda, mweupe kama ute wa yai lililochemshwa. Ilikuwa albumini, protini ya damu. Mgonjwa akifariki, aliufungua mwili, akazikuta figo zimeharibika. Mwaka 1827 alichapisha matokeo hayo pamoja na picha.

Hakuwa wa kwanza kuusoma mkojo. Ibn Sina, katika al-Qanun, aliutazama kwa rangi, harufu, mashapo na povu, na Domenico Cotugno wa Italia alikwishaona mkojo ukiganda kwa moto karne ya 18. Upya wa Bright ulikuwa kuunganisha vitu vitatu, uvimbe, mkojo na figo, kisha kuwafuata wagonjwa kwa muda.

Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwaka 1836 alitoa jedwali la wagonjwa 100. Aliona kwamba uvimbe hupungua na mtu hurudi kazini akidhani amepona, kumbe mkojo bado unaganda. Miaka ikipita huja maumivu ya kichwa, kufifia kwa macho, degedege, na moyo uliotanuka. Mwaka 1842 alipewa wodi mbili zenye vitanda 42 na maabara ndogo, kwa wagonjwa wa figo peke yao. Tiba yake, kutoa damu na kuharisha, haikuwasaidia.

Kutabiri huku si ramli, wala si kudai kujua ghaibu. Ni kuhesabu. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, glomeruli. Kikijeruhiwa, protini huvuja. Kikifanya kovu, hakirudi. Kwa hiyo daktari wa leo huuliza: protini kiasi gani inavuja, presha ikoje, kreatinini ya damu imepanda kiasi gani, na kipande cha figo chini ya darubini kina makovu mangapi. Mwaka 2019 ilitolewa kanuni ya kompyuta inayojumlisha mambo hayo kwa ugonjwa wa figo wa IgA. Ilijengwa kwa wagonjwa wa Ulaya, Amerika, China na Japani. Mvuvi wa Rumonge au mama anayekamua mawese Nyanza-Lac hawamo, nao wanaishi penye malaria na kichocho, maradhi yanayoweza kujeruhi vichujio hivyohivyo. Kanuni hiyo haiwezi kuaminiwa kwao mpaka mtu awafuate wagonjwa wa huku miaka kwa miaka, na ndugu zetu wanaosoma udaktari wanajua kazi hiyo inamngoja nani.

Kwa sasa, kikaratasi cha kupima mkojo katika kituo cha afya kinafanya kazi ya kile kijiko. Protini ikionekana, kipimo kirudiwe hata kama uvimbe umeisha, na presha ipimwe, kwa sababu leo zipo dawa za presha zinazopunguza uvujaji na kuchelewesha kovu. Bright hakuwa nazo.

Alifariki London tarehe 16 Desemba 1858, kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka huohuo Burton na Speke walipita kwa mitumbwi kando ya Urundi, wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Maradhi ya figo yaliendelea kuitwa kwa jina la Bright hadi karne ya 20.