Joginder Singh, mtoto wa gereji aliyeitwa Simba wa Kenya

Wadau, vijana wengi hapa Mafinga wakisikia mbio za magari wanawaza Formula One tu. Leo nawaletea mzee Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa 1932 Kericho, Kenya, kwenye chai kama Mufindi yetu. Baba yake alikuwa na gereji, na dogo akakulia humohumo kwenye grisi.

Enzi hizo kulikuwa na East African Safari, iliyoanza 1953, ikikatiza Kenya, Uganda mpaka huku kwetu. Siyo kuzunguka uwanjani jamani! Ni vumbi, halafu kwa vile ilikuwa wakati wa Pasaka, masika ikikolea ni matope. Waliowahi kusukuma gari njia za mashamba ya chai wananielewa.

Makampuni ya Ulaya yalikuja na magari mapya na mafundi wao. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant wakaja na Volvo PV544 iliyokwishatumika. Wakapata namba 1, yaani watangulie wao, hakuna alama ya tairi ya kufuata. Wakashinda! Akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer, pembeni yake David Doig, ila mimi ule wa Volvo ndio naukubali zaidi.

Miaka hiyo ya 70 Safari ikabaki Kenya peke yake, huku kwetu ikawa basi tena. Baada ya 2002 ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikarudi 2021. Mzee hakuwahi kuliona hilo, alifariki London Oktoba 2013.