Steinmetz, Kibiongo Aliyeufungua Umeme kwa Hesabu

Mwaka 1889, katika kituo cha wahamiaji cha Castle Garden, New York, alishuka melini kijana wa miaka 24, mfupi mno, mwenye kibiongo. Kiingereza hakukijua sawasawa, na mfukoni hakuwa na kitu. Maafisa waliliangalia umbo lake wakaona huyu atakuwa mzigo, wakataka kumrudisha atokako. Rafiki aliyesafiri naye akamdhamini, ndipo akapita. Kijana huyo ndiye Charles Proteus Steinmetz.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 huko Breslau, mji wa Ujerumani wakati ule, ambao leo ni Wrocław nchini Polandi. Kibiongo alikirithi kwa baba na babu yake. Masomo hayakumshinda, kilichomshinda ni serikali ya Bismarck, iliyowaandama wafuasi wa ujamaa. Mwaka 1888, akikaribia kupata shahada ya udaktari, alikimbilia Uswisi asije akafungwa.

Huko Marekani alipata kazi Yonkers, katika karakana ya Rudolf Eickemeyer. Zama hizo umeme wa kugeukageuka, huu tunaowashia taa majumbani, ulikuwa bado fumbo kwa mafundi wengi. Nipe ruhusa, msomaji, nilieleze fumbo lenyewe kwa mfano wa kwetu pwani. Watu wanapolivuta jahazi kulipandisha ufukoni, mmoja huimbisha na wenziwe huvuta kwa pamoja. Wakichelewa kuifuata sauti, jasho latoka, mikono yachubuka, na jahazi lasogea kidogo tu. Basi volteji ndiyo sauti ya mwimbishaji, na mkondo ndio wavutaji. Mota, kwa zile nyaya zake zilizozongwa juu ya chuma, huuchelewesha mkondo nyuma ya volteji. Waya wapata moto, kazi ni haba. Kipimo cha kulingana kwao mafundi hukiita pawafakta: ikifika 1, hakuna jasho la bure.

Kuchelewa huko kulihesabiwa kwa kalkulasi ndefu ya kuchosha. Mwaka 1893, katika mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Chicago, Steinmetz alionyesha njia ya mkato. Aliuandika mkondo kwa namba yenye pande mbili, upande mmoja wa kawaida, wa pili ukibeba kipeuo cha pili cha hasi moja, namba ambayo wengi waliiona ya kuwazika tu. Upande wa kwanza ni mkondo ufanyao kazi. Wa pili ni ule uendao na kurudi bure. Kalkulasi ikageuka aljebra. Nami hufurahi nikikumbuka kwamba neno hilo ni al-jabr, kutoka kitabu alichokiandika Al-Khwarizmi mjini Baghdad katika karne ya tisa.

Faida yake ilionekana katika konvata za siku hizo, mashine nzito zilizozunguka zikiugeuza umeme huo kuwa wa mwelekeo mmoja kwa ajili ya tramu. Sumaku za konvata zikitiwa nguvu zaidi, mkondo wake hutangulia badala ya kuchelewa, ukafidia uchelewaji wa mota jirani. Zitiwe nguvu kiasi gani? Mhandisi aliweza kulipata jibu karatasini kabla mashine haijaundwa. Konvata za leo hazizunguki. Ndani yake swichi za silikoni hufunga na kufungua maelfu ya mara kwa sekunde ili mkondo uandamane na volteji, na wanaozibuni wangali wakitumia namba zile zile.

Kampuni ya General Electric iliinunua karakana ya Eickemeyer, na Steinmetz akahamia nayo, hata akatua Schenectady. Hapo aliishi maisha yake yote yaliyobaki, akifundisha chuoni na kusimamia bodi ya elimu ya mji. Visa vingi vya kutiwa chumvi husimuliwa juu yake, naviacha.

Hakuoa, kwa kuchelea kuwarithisha wanawe kibiongo. Alimfanya msaidizi wake, Joseph Hayden, kuwa mwana, akakaa nyumba moja naye na mkewe, na watoto wao watatu wakamwita babu. Alifariki humo tarehe 26 Oktoba 1923, akiwa na umri wa miaka 58.