Don Bosco na Watoto Walioshindikana

Hakuna kijiji kisichokuwa na mtoto wa namna hii: anapiga wenzake, anaiba mihogo shambani mwa watu, anavuruga mafundisho. Wazazi wamemchoka, na mwalimu hufurahi moyoni siku asipofika. Watu husema ameshindikana. Wengine huthubutu kusema ana pepo. Nataka kuwasimulia habari za padri mmoja aliyewatafuta watoto kama hao maisha yake yote. Jina lake ni Giovanni Bosco, nasi tunamwita Mtakatifu Yohane Bosco. Watu wa kwao walimwita Don Bosco, kwa kuwa huko Italia padri huheshimiwa kwa neno hilo.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kijiji cha Becchi, kaskazini ya Italia. Baba yake, mkulima, alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma wala kuandika, lakini kulea alijua. Yohane alipokuwa na miaka tisa aliota ndoto. Aliona kundi la watoto wakipigana na kutukana, naye akawarukia kwa ngumi ili wanyamaze. Ndipo akatokea mtu mwenye uso wa kung'aa, akamwagiza aache ngumi, kwani wale angewapata kwa upole na mapendo. Ndoto hiyo hakuisahau hata uzeeni.

Masomo aliyapata kwa taabu. Kaka yake hakupenda aende shule, ikambidi kwenda kufanya kazi katika shamba la wengine. Baadaye alishona nguo na kuhudumu katika duka la kahawa ili apate chakula na vitabu. Mwisho akapewa upadri mjini Torino, tarehe 5 Juni 1841.

Siku hizo Torino ulikuwa mji unaokua upesi. Vijana wengi walitoka vijijini kutafuta kazi ya kubeba matofali na chokaa, bila baba, bila mama, bila kitanda. Padri Cafasso, aliyekuwa mwalimu wake, alimpeleka gerezani kuwaona wafungwa. Don Bosco akakuta humo vijana wa miaka kumi na miwili hadi kumi na minane, wenye afya na akili nzuri, wameliwa na chawa na uvivu. Lakini jambo lililomchoma zaidi lilikuwa hili: wengi walifunguliwa, na baada ya siku chache wakarudi tena. Akauliza sababu, akaiona. Huko nje hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwapokea.

Tarehe 8 Desemba 1841 alikuwa akivaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja, Bartolomeo Garelli, aliingia katika sakristia kwa sababu ya baridi. Mtunza sakristia akamtaka ahudumie Misa. Kijana akajibu kwamba hajui, naye akampiga kwa fimbo na kumfukuza. Don Bosco akakasirika, akaagiza aitwe mara moja, maana yule ni rafiki yake. Baada ya Misa akamwuliza habari zake. Alikuwa mwashi, yatima, wala hakujua kusoma. Mwishowe padri akamwuliza kama anajua kupiga ubinja, na kijana akacheka. Kisha wakaanza kwa ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata kijana alirudi pamoja na wenzake.

(Mimi nami nimepata kumpiga mtoto aliyesinzia darasani kila asubuhi. Baadaye nikajua kwamba usiku kucha alikuwa akimwuguza mama yake. Tangu hapo nauliza kwanza.)

Vijana wakaongezeka mpaka mamia. Majirani walilalamika kwa kelele, wakafukuzwa mahali hata mahali. Mapadri wawili walidhani Don Bosco amepatwa na wazimu, wakaja na gari la farasi ili wampeleke kwa ujanja katika hospitali ya wenda wazimu. Yeye alitambua shauri lao. Akawaomba wapande kwanza, kisha akafunga mlango na kumwamuru mwendeshaji aende mbio. Wakafika hospitalini wao! Siku ya Pasaka ya mwaka 1846 alipata banda la kukodi mahali paitwapo Valdocco, na hapo kazi yake ikakaa.

Msidhani vijana wale waligeuka malaika kwa siku moja. Wa kwanza aliowalaza katika banda la majani makavu walitoroka alfajiri na mablanketi yake. Hata hivyo, mwaka 1847, usiku wa mvua, alipobisha yatima mmoja aliyelowa, mama Margherita alimpikia chakula na kumtandikia jikoni, na kabla ya kulala akamwambia maneno machache mema. Mama huyo alikuwa amehama kijijini kwake ili amsaidie mwanawe. Siku moja, vijana walipokwisha kukanyaga mboga zake zote, alitaka kurudi nyumbani. Don Bosco hakujibu neno. Alimwonyesha msalaba ukutani. Mama akarudi kazini, akadumu pale mpaka alipokufa mwaka 1856.

Kwa vijana waliojifunza kazi mjini, Don Bosco aliandikiana mapatano na mabwana wao, nao wakaahidi kuwaonya kwa maneno, wala si kwa mapigo. Kuanzia mwaka 1853 alifungua karakana zake mwenyewe, za washona viatu na washona nguo kwanza.

Kati ya wote, mimi nampenda zaidi Michele Magone. Jioni moja ya ukungu, mwaka 1857, Don Bosco alikuwa akingoja gari la moshi huko Carmagnola. Akasikia watoto wakipiga kelele, na sauti ya mmoja ikizidi zote. Wengine walikimbia, Michele alibaki, akamkabili mgeni kama jemadari. Baba yake alikuwa amekufa, mama yake alifanya kazi kwa watu. Padri wa pale aliandika kwamba mtoto huyu huvuruga shule na mafundisho, na asipokuwapo wote hupata amani. Don Bosco alisoma barua hiyo, akampokea.

Akampa mwenzake mmoja mwema amwangalie na kumwonya taratibu kila anapokosa. Michele alipenda sana michezo, lakini ghafula akaacha kucheza. Alikaa peke yake, akalia. Wangapi wetu, fujo ikikoma, tungesema sasa amekuwa mtoto mwema! Don Bosco aliona kwamba kimya hicho ni kibaya kuliko kelele. Akamwita, akamwuliza bila kumshurutisha, na mtoto akafungua moyo: dhamiri yake ilimlemea. Akaungama, furaha ikarudi. (Lakini si kila huzuni hutokana na dhambi, nyingine ni ugonjwa, na mgonjwa wa moyo au wa akili hupelekwa kwa daktari kama mgonjwa wa homa.) Michele alikufa kwa ugonjwa tarehe 21 Januari 1859, naye Don Bosco akaandika kitabu cha maisha yake.

Mwaka huohuo wa 1859 aliunda shirika la Wasalesiani, na mwaka 1877 akaandika juu ya ulezi wake: mlezi awe karibu kabla mtoto hajaanguka, atumie akili, dini na upendo. Mwaka 1884, akiwa Roma, aliwaandikia walezi wake kwa uchungu. Aliona wameanza kusimama mbali na vijana saa za mchezo. Akawakumbusha kwamba haitoshi kumpenda mtoto. Yampasa mtoto mwenyewe ajue kwamba anapendwa.

Alifariki tarehe 31 Januari 1888, akatangazwa mtakatifu siku ya Pasaka, mwaka 1934. Mwaka 1911 wanawe Wasalesiani walifika Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, wakafungua shule huko kwetu Kongo.