Fundi aliyepoteza karakana, kisha akakalisha dunia

Wacha nikuulize. Ushawahi kununua meza ama kabati ikaja ikiwa vipande ndani ya boksi, ukakaa sakafuni na bisibisi hadi usiku? Basi kuna mzee unafaa kumjua. Anaitwa Michael Thonet, na ujanja huo aliutumia zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Thonet alizaliwa 1796 huko Boppard, mji mdogo kando ya mto Rhine, Ujerumani. Babake alikuwa mtengenezaji wa ngozi, lakini kijana akashika useremala, na 1819 akafungua karakana yake. Angeweza kutulia hapo, achonge viti, alee watoto, basi.

Lakini kuna kitu kilimkera. Siku hizo ukitaka mguu wa kiti uliopinda, unauchonga kutoka kwa ubao mnene. Mbao nyingi inaishia kuwa takataka. Isitoshe, pale kwenye pindo nyuzi za mbao zimekatwa, na hapo ndipo mguu unavunjikia. Thonet akaamua kukunja badala ya kuchonga. Miaka ya 1830 alianza kuchukua vibao vyembamba, anavichemsha kwenye gundi, kisha anavibana kwenye kalibu hadi vikauke vikiwa vimepinda. Kiti kikatoka chepesi na imara.

Sasa hapo ndipo mambo yalichacha. Kujaribu jaribu kunakula pesa, na kukimbizana na hataza, ile haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, kunakula zaidi. Madeni yakapanda. Mwaka 1841 alionyesha kazi yake mjini Koblenz, na Metternich, mkubwa wa serikali ya Austria, akaipenda, akamwita Vienna. Thonet akaenda 1842. Akiwa huko, wadai kule nyumbani wakashika mali yake. Karakana aliyoijenga miaka zaidi ya 20, kwisha.

Jiweke kwa viatu vyake. Una miaka 46, una familia, na uko mji wa wenyewe. Mimi niliacha chuo nikiwa na miaka 21 kwa sababu ya karo na nikadhani maisha yameisha, kwa hivyo hadithi hii inanigusa.

Thonet alifanya nini? Aliita familia Vienna, akaanza kufanyia wengine kazi, yeye fundi mkuu wa jana. Alitengeneza sakafu za mbao na viti vya jumba la kifahari la ukoo wa Liechtenstein. Hakuibiwa ujuzi, huo haukuwa kwenye orodha ya wadai. Mwaka 1849 akasimama tena peke yake. Mwaka 1851 viti vyake vikapata medali ya shaba kwenye maonyesho makubwa ya London, na 1853 biashara ikaandikwa kwa jina la wanawe watano.

Bado kulikuwa na shida moja. Viti vya gundi vikisafirishwa mbali, unyevu unaingia na vibao vinaachana. Ilibidi akunje mbao nzima, bila gundi. Lakini ukikunja mbao nene, upande wa nje unavutika na kupasuka. Mbao hukubali kubanwa kuliko kuvutwa.

Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu. Alifunga utepe wa chuma upande wa nje kabla ya kukunja. Utepe haurefuki, kwa hivyo mbao iliyolainishwa kwa mvuke inalazimika kubanwa, haipati nafasi ya kuvutika. Mwaka 1856 akapata hataza ya njia hiyo, na kiwanda kikajengwa Koritschan, eneo la Moravia, karibu na misitu ya mti uitwao biichi.

Mwaka 1859 kikatoka kiti namba 14. Vipande sita vya mbao, skrubu kumi, nati mbili. Kwenye boksi la mita moja kila upande, viti 36 vinaingia vikiwa vimefunguliwa, vinaunganishwa vikifika. Bei ikawa ya watu wa kawaida, na mikahawa ikavichangamkia. Paris ikampa medali ya dhahabu 1867. Alifariki Vienna 1871, akiwa na miaka 74. Kufikia 1930, kiti hicho kilikuwa kimeuzwa takriban mara milioni 50.

Ukitaka kumwelewa vizuri, jaribu nyumbani. Tafuta kipande cha mbao chenye nyuzi zilizonyooka, kisicho na fundo, unene wa sentimita moja hivi. Mbao iliyokauka polepole hewani inakunjika vizuri kuliko iliyokaushwa kwa tanuri. Kiweke kwenye mvuke karibu nusu saa, ndani ya bomba ama sanduku lenye tundu la kutoa mvuke. Usilizibe kabisa, litakulipukia. Vaa glavu, kisha ukikunje haraka, maana kinapoa ndani ya dakika chache. Cha kwanza kunja bila utepe. Cha pili funga utepe wa bati gumu upande wa nje, uushike imara miisho yote miwili.

Cha kwanza huenda kikapasuka mkononi. Usikitupe. Kiweke kando ya cha pili, uangalie pale nyuzi zilipoachia. Thonet alivunja vingi kama hicho kabla ya kupata kimoja kilichokubali.