Stevie Ray Vaughan: Gwiji wa bluzi na kisanduku cha kijani

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka kufuata mzigo huagizwa mambo mengi. Mmoja ataagiza vitenge, mwingine simu, na kijana wa bendi au wa kwaya anaweza kumwomba amtafutie pedali ya gitaa, yaani kile kisanduku cha chuma kinachokanyagwa kwa mguu ili sauti ya gitaa ipate mkwaruzo wa bluzi. Akifika dukani anakuta visanduku vya kila rangi na kila bei. Achukue kipi?

Maisha ya marehemu Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa jimbo la Texas nchini Marekani, yana somo kwa yeyote anayejiuliza swali hilo. Ni yeye, kuliko mwingine yeyote, aliyefanya pedali ya kijani iitwayo Tube Screamer itafutwe na wapenda bluzi kila mahali. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, sehemu ya mkwaruzo ya pedali hiyo, alikuwa akiifungua kidogo sana.

Mtoto wa mfanyakazi wa asbesto

Vaughan alizaliwa Oktoba 3, 1954 mjini Dallas, akakulia mtaa wa Oak Cliff. Baba yake alifanya kazi za asbesto, na familia ilihamahama kufuata kazi hizo. Mzee huyo alikuwa mnywaji na mwenye hasira. Stevie alikuwa na umri wa miaka sita tu alipoanza kuiba pombe ya baba yake, tabia iliyokuja kumgharimu sana ukubwani.

Kaka yake, Jimmie, aliyemzidi miaka mitatu, alimtangulia katika gitaa. Mwaka 1961, Stevie alipotimiza miaka saba, alipewa gitaa la watoto. Hakujifunza kusoma noti. Alisikiliza santuri za Albert King, Lonnie Mack na Jimi Hendrix, kisha akatafuta sauti hizo kwa vidole mpaka zikatokea. Akiwa na miaka 17 aliacha shule na kuhamia Austin, mji wenye vilabu vingi vya muziki, ambako alilala popote alipopata nafasi na kupiga kwa malipo kidogo.

Gitaa lililokwisha tumika

Katika duka moja la Austin, miaka ya 1970, Vaughan alipata gitaa la Fender Stratocaster ambalo wengine walikwisha lipiga kabla yake. Lilikuwa na vipande vya miaka tofauti ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na kadiri alivyolipiga rangi yake ilizidi kubanduka hadi mbao zikabaki wazi. Alilipa jina la Number One, akalitumia hadi mwisho wa maisha yake.

Nyuzi zake zilikuwa nene kupita kawaida. Wapigaji wengi wa gitaa la umeme hufunga uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.009 au 0.010, lakini yeye alipenda kufunga wa 0.013. Ili aweze kuzivuta, alizilegeza nusu sauti chini ya kawaida. Hata hivyo ngozi ya vidole ilichanika mara kwa mara, naye akawa anaibandika kwa gundi kali ili onyesho liendelee.

Mwaka 1975 klabu ya Antone's ilifunguliwa mjini humo, na magwiji weusi wa bluzi wakawa wanapita hapo. Ndipo kijana huyo mweupe alipopata nafasi ya kupiga jukwaa moja na Albert King, mtu ambaye alikuwa amemjua kwa santuri tu. Mwaka 1978 bendi yake ikaanza kuitwa Double Trouble. Chris Layton alishika ngoma, na mwaka 1981 Tommy Shannon akaingia kwenye besi.

Kuzomewa Montreux

Julai 17, 1982 bendi hiyo, ikiwa haina hata albamu moja sokoni, ilipanda jukwaa la tamasha la Montreux nchini Uswisi. Ilipiga kwa nguvu na kwa sauti kubwa mbele ya watu waliotarajia bluzi ya upole, na baadhi yao wakawazomea. Lakini tamasha hilo liliwakutanisha na David Bowie na Jackson Browne. Bowie alimchukua Vaughan kupiga gitaa katika albamu ya Let's Dance ya mwaka 1983. Browne aliwapa studio yake ya Los Angeles bila malipo, na humo, Novemba 1982, kwa muda wa siku tatu, walirekodi nyimbo zilizokuja kuwa albamu ya Texas Flood, iliyotoka Juni 1983.

Bowie alitaka kwenda naye katika ziara ya dunia. Vaughan alikataa, akabaki na bendi yake. Wengi waliona amepoteza bahati, lakini Texas Flood iliwafunga midomo. Bluzi, iliyokuwa imepewa kisogo na redio za Marekani, ikaanza kusikika upya.

Kisanduku kilifanya kazi gani?

Tube Screamer ilitengenezwa Japani na kuuzwa kwa jina la Ibanez. Toleo la TS808 lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, likafuatiwa na TS9 mwaka 1982, kisha TS10 katikati ya miaka ya 1980. Haikuwa kitu cha anasa. Ni kisanduku cha kiwandani kinachotumia betri ya volti 9, chenye vitufe vitatu vya kuzungusha: cha mkwaruzo, cha ukali wa sauti na cha ukubwa wa sauti.

Mtu asiyejua hufungua kitufe cha mkwaruzo mpaka mwisho. Vaughan alifanya kinyume. Mkwaruzo aliuweka chini, ukubwa wa sauti akaupandisha. Kwa njia hiyo pedali iliisukuma ampilifaya, na mkwaruzo wenyewe ukatoka kwenye ampilifaya, ambazo kwake zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zilizokuwamo katika redio za zamani. Valvu ikisukumwa kupita kiasi haikati sauti ghafla, bali huilainisha kingo. Mpigaji akigusa uzi taratibu, sauti inakuwa safi. Akiupiga kwa nguvu, inalia.

Pedali hiyo pia hupunguza besi na kuinua sauti za katikati. Kwa mtu mwenye nyuzi nene na ampilifaya kubwa, jambo hilo lilikuwa msaada, kwani gitaa lilipenya katikati ya ngoma na gitaa la besi bila kuvurugana navyo. Lakini mwenye ampilifaya ndogo ya transista, isiyo na besi ya kutosha, akiikanyaga pedali hiyo hiyo huenda akasikia sauti nyembamba ya puani, akadhani ameuziwa kitu bandia. Huyo atafaidika zaidi na pedali isiyokata besi, inayoweza kutoa mkwaruzo wake yenyewe. Ndiyo maana kabla ya kuulizia bei, swali la kwanza ni pedali itachomekwa kwenye ampilifaya gani.

Na kiwanda kilipobadili toleo, Vaughan hakulilia la zamani. Alianza na TS808, akahamia TS9, kisha TS10, na aliyemsikia kwa macho yaliyofumbwa bado alijua ni yeye. Baada ya kifo chake bei za TS808 za zamani zilipanda sana, hadi Ibanez ikaitengeneza upya mwaka 2004.

Alipokaribia kufa

Umaarufu ulikuja na ulevi uliopita kiasi. Vaughan alikunywa wiski na kutumia kokeini kila siku, kiasi kwamba tumbo lake lilidhurika. Agosti 27, 1986 baba yake alifariki dunia. Mwezi mmoja baadaye, akiwa ziarani Ujerumani, alitapika damu na kuzidiwa. Alitibiwa London, kisha Oktoba mwaka huo akaingia hospitali ya kuachisha ulevi huko Atlanta. Shannon naye aliingia matibabuni wakati huo huo.

Alitoka akiwa na hofu ambayo wasanii wengi wanaijua. Alikuwa amepiga gitaa akiwa amelewa karibu maisha yake yote ya kazi, na hakuwa na hakika kama ule moto ungebaki bila chupa. Jibu lilichukua karibu miaka mitatu. Mwaka 1989 bendi ilitoa albamu ya In Step, na baadhi ya nyimbo zake zilisimulia wazi safari ya kuacha ulevi. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy. Mikono ilikuwa ile ile, gitaa lile lile, na wapo wengi wanaosema hakuwahi kupiga vizuri kuliko miaka hiyo.

Ukungu wa Wisconsin

Usiku wa Agosti 26, 1990 Vaughan alipiga katika uwanja wa Alpine Valley, jimbo la Wisconsin. Mwishoni walipanda pamoja jukwaani yeye, kaka yake Jimmie, Eric Clapton, Buddy Guy na Robert Cray. Helikopta zilikuwa zimekodiwa kuwarudisha wasanii Chicago. Ilikuwa imepita saa sita usiku na kulikuwa na ukungu. Helikopta aliyopanda iligonga kilima muda mfupi baada ya kuruka, na watu wote watano waliokuwamo walifariki dunia: rubani, watu watatu wa msafara wa Clapton, na Vaughan. Ilikuwa Agosti 27, miaka minne kamili tangu baba yake afariki. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Mwezi uliofuata ilitoka albamu aliyorekodi pamoja na kaka yake. Alizikwa Dallas, mji aliozaliwa. Mwaka 1993 sanamu yake ilisimamishwa Austin, kando ya maji, na mwaka 2015 jina lake na la bendi yake yaliingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa rock wa Marekani.

Kisanduku cha kijani bado kinauzwa, na kila anayekinunua hupata vitufe vile vile vitatu. Saa ambazo mtoto wa Oak Cliff alikaa na santuri za Albert King, akitafuta sauti moja mpaka ikatokea, hazimo ndani ya kisanduku hicho. Hizo kila mpigaji atazitumikia mwenyewe.